Dawa Imeandikwa Kifafa, na Wewe Huna Kifafa

Neno la leo ni refu kuliko kawaida. Kama uko kwenye matatu, lisome mpaka mahali utashukia, kisha umalizie nyumbani.

Tangu mwezi uliopita watu watatu wa kanisa letu wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wa kwanza aliniandikia saa tano usiku: "Mchungaji, daktari amesema nina baipola, lakini dawa aliyoniandikia ni ya kifafa. Nimesoma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Mimi sijawahi kuanguka hata siku moja. Nimeze ama nisimeze?" Wa pili ni mama aliyempeleka bintiye kliniki. Yeye alikuwa na hakika kwamba daktari amechanganya mafaili. Wa tatu hakuuliza juu ya tembe kabisa. Alitaka nimwekee mikono nimtoe pepo wa kifafa, kwa sababu kama hospitali imempa dawa ya kifafa, basi kifafa lazima kiko mahali fulani ndani yake kinangoja.

Najibu hapa mbele ya wote. Najua kwamba kwa kila mmoja anayeuliza, wako wengine walionyamaza, na pakiti iko chini ya godoro.

Jibu ni hili: daktari hajakosea, huna kifafa, na leo jioni meza dawa yako kama ulivyoandikiwa. Dada zangu, kuna jambo moja lenu ambalo nitalifikia huko mbele. Hilo msiliruke.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Baipola sio kuwa na furaha leo na hasira kesho. Hiyo sote tunayo, hasa tarehe ishirini na kitu kabla mshahara haujaingia. Baipola ni ugonjwa unaompeleka mtu katika majira mawili. Kuna majira ya chini: huzuni nzito ya majuma na majuma, mtu hawezi kuamka, hawezi kuomba, anatamani asingezaliwa. Na kuna majira ya juu, ambayo madaktari huyaita mania. Hapo mtu analala saa mbili au tatu na hachoki. Anaongea haraka mpaka maneno yanakanyagana. Ana biashara sita anazozifungua juma hili. Anatoa pesa asizo nazo. Anajiona hakuna mkubwa kama yeye, na ukimwambia "ngoja kidogo" anawaka. Hali hii hukaa juma zima au zaidi, na ikizidi mtu anaweza kusikia sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia.

Sasa nisikilizeni vizuri, sisi watu wa Roho. Ndani ya makanisa kama letu mania inaweza kuvaa nguo za upako. Mtu hajalala siku tano, ananena kwa lugha usiku kucha, anampa unabii kondakta, anampa unabii mwenye duka, anataka kugawa kila alicho nacho. Na sisi tunapiga makofi na kusema ameshukiwa na moto. Mimi naamini karama zote za Roho, sijabadilika. Lakini Paulo alipowaandikia Wagalatia orodha ya tunda la Roho, neno alilomalizia ni kiasi. Moto usiomruhusu mtu kulala, kula, kunyamaza wala kusikia, huo uulizie maswali kabla ya kuupa maikrofoni.

Je, dawa ya kifafa inaingiaje hapo?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Seli moja inapitisha ishara kwa jirani yake, na jirani kwa mwingine, mabilioni ya seli. Katika kifafa, kundi la seli linawaka pamoja kwa wakati mmoja na kwa nguvu, na mwili unatikisika. Dawa za kuzuia degedege zinafanya seli zisiwake ovyo. Nyingine zinabana vijilango ambavyo seli hutumia kurusha umeme, na nyingine zinaongeza kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kusema "tulia". Mania haina mtikisiko huo. Hata hivyo madaktari waliona kwamba baadhi ya dawa hizi, sio zote, zinamshusha mtu aliyepanda na kumsaidia asipande tena. Njia yenyewe ndani ya ubongo wenye mania, wanasayansi wangali wanaijadili. Kwamba zinasaidia, hilo limepimwa kwa wagonjwa wengi katika nchi nyingi.

"Dawa ya kifafa" ni jina la kazi yake ya kwanza tu. Aspirini ilianza kama dawa ya maumivu na homa. Leo wazee wengi wenye shida ya moyo wanapewa aspirini kidogo kila siku ili damu isigande. Hakuna anayemwambia mzee huyo kwamba ana homa iliyojificha.

Nataka niwasimulie ile moja inayoandikwa sana, kwa sababu hadithi yake inanifurahisha. Ni sodiamu valproeti. Wengine mnaijua kwa jina la pakiti, Epilim. Asidi ambayo dawa hii inatokana nayo ilitengenezwa mwaka wa 1882 na mkemia Mmarekani aliyeitwa Beverly Burton, na hakuna aliyejua ina faida gani kwa mwili. Kwa miaka kama themanini ilikuwa ni kitu cha maabara cha kuyeyushia vitu vingine, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Grenoble nchini Ufaransa, mtafiti kijana aitwaye Pierre Eymard alikuwa akijaribu dawa mpya. Dawa zile hazikutaka kuyeyuka kwenye maji, kwa hivyo waliziyeyusha kwenye asidi hii. Zilipojaribiwa zikazuia degedege. Wakajaribu nyingine, ikazuia pia. Mwishowe wakagundua kwamba iliyokuwa ikifanya kazi ni ile ya kuyeyushia! Kufikia 1967 Wafaransa walikuwa wanaiuza kama dawa ya kifafa, na mwaka mmoja kabla ya hapo daktari Mfaransa, Pierre Lambert, alikuwa ameshaandika kwamba ndugu yake wa karibu, dawa ya jamii hiyohiyo, inasaidia wagonjwa wa mania. Marekani waliikubali rasmi kwa mania mwaka wa 1995.

Miaka themanini kwenye rafu. Mimi nikisoma hivyo namwona Mungu, na kama wewe unaona bahati tu, tutaongea siku nyingine.

Ya pili ni kabamazepini, wengi wanaijua kama Tegretol. Hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Japani waliona kwamba watu wenye kifafa wanaoitumia walikuwa wanatulia pia hisia zao, wakaijaribu kwa wenye mania. Na ya tatu ni lamotrijini. Hii ni tofauti kidogo, na watu wengi wanachanganyikiwa hapa. Lamotrijini haizimi mania iliyokwisha kuwaka. Kazi yake kubwa ni kumzuia mtu asianguke kwenye yale majira ya chini. Na daktari huipandisha polepole kwa majuma, kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele hatari wa ngozi. Ukipewa tembe ndogo sana na kuambiwa uongeze baada ya majuma mawili, usiseme "hii ni kidogo, wacha nimeze mbili nipone haraka." Na ukiona upele wowote, rudi hospitali siku hiyohiyo. Hilo ni pia kwa Tegretol.

Nimesema sio zote. Topirameti na gabapentini ni dawa za kifafa pia. Zilijaribiwa kwa watu wenye mania na hazikufua dafu. Kwa hivyo mtoto wa jirani akiwa na tembe za kifafa zilizobaki, usizikope. Nimeona hiyo tabia ya kukopeshana dawa kama sukari, na inanitisha.

Mtu ataniuliza, mbona nisipewe lithiamu, nimesoma kwamba ndiyo dawa kuu ya baipola? Umesoma sawa. Ni chumvi ambayo daktari wa Australia, John Cade, aliandika mwaka wa 1949 kwamba inasaidia mania, na mpaka leo ni dawa yenye heshima kubwa. Lakini lithiamu inataka damu yako ipimwe mara kwa mara, kwa sababu kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru viko karibu sana. Inataka figo zichunguzwe, na tezi ya shingoni. Ukiwa mahali ambapo hakuna maabara ya kupima, au una shida ya figo, daktari anaweza kuamua dawa nyingine ni salama zaidi kwako. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeweka lithiamu, kabamazepini na asidi ya valproiki, zote tatu, kwa ugonjwa huu wa baipola. Usishangae pia ukipewa na tembe ya pili ya kutuliza mawazo katika majuma ya kwanza. Mara nyingi ndivyo inavyofanyika mania ikiwa kali.

Sasa nirudi kwa yule wa tatu, aliyetaka nitoe pepo wa kifafa. Mpendwa, najua woga wako umetoka wapi. Umetoka Mathayo 17, yule baba aliyemleta mwanawe. Katika Biblia yetu ya Kiswahili tuliyolelewa nayo, neno lililo pale ni kifafa, na Yesu akamkemea pepo. Basi tumekua tukijua kifafa na pepo ni kitu kimoja. Lakini fungua kitabu hichohicho, rudi nyuma mpaka sura ya 4, aya ya 24. Mathayo anataja watu waliokuwa wanaletwa kwa Yesu. Anawataja wenye pepo. Kisha anawataja wenye kifafa. Kisha waliopooza. Hao ni watu wa makundi tofauti, katika sentensi moja, na mwandishi ni yuleyule. Kama Mathayo alijua kutofautisha, sisi tunachanganya kwa nini? Mwenye kifafa katika kanisa letu hana haja ya kuangaliwa kama nyoka. Na wewe ambaye hata kifafa huna, pakiti haiwezi kukutia pepo.

Kuna kijana wa kikundi chetu cha sifa ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila kumtaja. Anapiga kinanda. Alikuwa ametulia kwa dawa hizi zaidi ya mwaka mmoja, amerudi kazini, amelipa madeni. Kisha akaenda mkutano wa injili mji mwingine, na mhubiri mgeni, ambaye sitamtaja wala sikuwa naye, akasema kila mwenye imani atupe tembe zake pale mbele ya jukwaa. Akatupa. Juma la kwanza alisema hajawahi kusikia mwili mwepesi hivyo. Juma la tatu alikuja nyumbani kwangu alfajiri na bahasha nene. Alikuwa ameuza pikipiki yake ya boda boda, ile ile inayomlisha yeye na mama yake, na alitaka nipokee pesa yote kama mbegu. Alikuwa anacheka, analia, anatabiri, yote kwa pamoja. Macho yalikuwa hayajalala siku nyingi.

Sikuipokea ile bahasha. Nilimpigia mama yake simu, tukamkalisha, akanywa uji, na kabla ya saa nne tulikuwa hospitalini. Alilazwa majuma matatu. Aliyenunua pikipiki alikuwa muungwana, aliirudisha, na nawaambia huyo jamaa sio hata mtu wa kanisa.

Sasa nawaambia na sehemu ambayo watu wa ushuhuda hawapendi kusimulia. Kijana amerudi kwenye tembe na ametulia, lakini mikono yake inatetemeka. Hiyo ni kazi ya valproeti, inajulikana. Kwa mtu wa kinanda hilo sio jambo dogo. Alilia mbele yangu kwa sababu ya hiyo mikono kuliko alivyolia kwa ajili ya pikipiki. Pia ameongezeka uzito. Alitaka kuacha tena. Nilimwambia asiache, aende amwambie daktari kama alivyoniambia mimi, na aseme neno "kinanda". Daktari akapunguza kipimo kidogo. Mtetemeko umepungua, haujaisha. Nyimbo za polepole anapiga, zile za kasi anamwachia mwenzake. Ukimwona Jumapili amekaa wakati wa nyimbo za kasi, usimwulize kama amerudi nyuma kiroho.

Ndiyo maana siwezi kukwambia kwamba dawa hizi ni tamu. Valproeti inaweza kuleta usingizi, uzito, nywele kupungua, na mara chache kuumiza ini au kongosho. Ukiona macho ya manjano, au tumbo linauma sana na kutapika kusikoisha, nenda hospitali haraka. Tegretol inaweza kuleta kizunguzungu, kushusha chumvi ya mwilini na kupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hivyo homa na koo linalouma bila sababu usivipuuze. Daktari akikuambia upimwe damu, usione ni kupoteza pesa.

Dada zangu, tumefika kwenu.

Valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kati ya watoto kumi ambao mama zao waliitumia wakiwa waja wazito, karibu mmoja huzaliwa na kasoro kubwa, kama mgongo wazi, ambapo kwa kawaida ni wawili au watatu kati ya mia. Na watoto watatu au wanne kati ya kumi wanaweza kuwa na shida ya kukua kiakili, kuchelewa kuongea, kupata ugumu wa kujifunza. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linasema wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasipewe dawa hii, isipokuwa pale ambapo nyingine zimeshindwa au haziwafai. Kama una umri wa kuzaa na unaimeza, na hakuna aliyekaa nawe akakueleza habari hii na habari ya kupanga uzazi, rudi kliniki juma hili uulize. Useme wazi: "Mimi bado nazaa. Kuna nyingine?" Sio utovu wa heshima kumwuliza daktari.

Lakini usiiache peke yako. Hata ukigundua leo kwamba una mimba, usiache kimyakimya na kukaa nyumbani. Nenda leo, au kesho asubuhi. Mania ya mama mjamzito nayo ni hatari kwake na kwa mtoto, na ni daktari atakayekubadilishia njia. Najua baadhi yenu hamtaki mama mkwe ajue kuna tembe, na harusi ni Desemba. Njoo na mchumba wako, tukae sisi wanne, mimi, wewe, yeye na mke wangu. Tumeshafanya hivyo na wengine. Bwana harusi anayekimbia kwa sababu ya tembe, afadhali akimbie kabla ya keki.

Tegretol nayo ina lake. Inapunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na ya kile kijiti cha mkononi. Kuna wanaoshika mimba na kijiti kiko mkononi, kisha ndugu wanaanza kutafuta maelezo mengine. Inapunguza pia nguvu ya dolutegravir, iliyo ndani ya dawa za virusi vya Ukimwi ambazo wengi wanatumia sasa, kwa hivyo lazima daktari apange upya kipimo. Kama unatumia hizo dawa na hujasema kliniki ya akili kwa sababu ya aibu, tafadhali sema. Faili ya hospitali ni ya siri.

Jambo lingine ni letu wenyewe, sisi wa kesha. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyowasha mania kwa haraka. Usiku mmoja tu unaweza kutosha kwa mtu mwenye baipola. Kwa hiyo nimesema, na nasema tena kama mchungaji wenu: ukiwa na ugonjwa huu, kesha ya Ijumaa haikuhusu. Lala. Njoo maombi ya asubuhi saa kumi na mbili ukiwa umelala saa zako saba au nane. Hakuna atakayeandika jina lako kwamba umepoa. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumwambia akeshe. Alimwamsha akala, akamwacha alale tena, akamwamsha akala mara ya pili. Huduma ilikuwa mkate na usingizi.

Na kufunga? Mwambie daktari kabla, sio baada. Mwenye kutumia lithiamu asifunge kavu, bila maji, kwa sababu mwili ukikaukiwa dawa inarundikana kwenye damu na kuwa sumu. Wewe wa Epilim au Tegretol usiruke tembe kwa sababu ni siku ya tatu ya mfungo. Tembe sio chakula cha anasa. Unaweza kumfungia Mungu mitandao, nyama, sukari, hata simu yenyewe unayosomea maneno haya.

Sasa hoja ninayoipata kila mara: "Mchungaji, kama ninaamini nimeponywa, kuendelea kumeza sio kumwambia Mungu simwamini?" Nasoma 2 Wafalme 20. Hezekia alikuwa anakufa. Akaomba, akalia, na nabii alikuwa hajatoka hata ua wa katikati Mungu akamrudisha na neno: utapona, siku ya tatu utapanda hekaluni, na nakuongezea miaka kumi na mitano. Neno limeshatoka! Hakuna unabii mkamilifu kuliko huo, una tarehe ndani yake. Na bado Isaya, nabii yuleyule, akasema leteni mkate wa tini, wakauweka kwenye jipu. Hezekia hakumwuliza Isaya kama tini ni ukosefu wa imani. Alikaa wakamfunga, akapona.

Siku daktari wako atakapoona inafaa kupunguza, atapunguza polepole, na atakuangalia. Kuna watu hupunguziwa. Wengi hukaa nazo miaka mingi, kama mwenye sukari na insulini yake. Ninachokataa ni wewe kuamua Jumatatu kwa sababu Jumapili ulijisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa.

Waombeaji wetu, na ninyi mnaokaa pale mbele baada ya ibada, hili ni agizo. Mtu akija na kusema ana ugonjwa wa akili, mwombee kwa imani yote uliyo nayo, umwekee mikono, umpake mafuta. Kisha umwulize: "Dawa zako ziko? Kliniki ni lini?" Hakuna mwombeaji wa kanisa hili mwenye ruhusa ya kumwambia mtu aache dawa. Na mtu akileta sadaka isiyo ya kawaida, hati ya shamba, pesa ya pikipiki, karo ya watoto, haipokelewi siku hiyo. Itakaa juma mbili na tutaongea na watu wake wa nyumbani kwanza. Mhazini anajua.

Na familia zenu, mnaoishi na mgonjwa: mnapoona usingizi unapungua kwa usiku mbili au tatu mfululizo na maneno yanaongezeka, msingoje aanze kuuza vitu. Huo ndio wakati wa kupiga simu kliniki. Akianza kusema maneno ya kujiua, msimwache peke yake hata dakika, mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Msinipigie mimi kwanza. Nipigieni mkiwa njiani.

Jambo la mwisho ni la pesa. Naijua hali. Wengine hawaachi dawa kwa sababu ya mahubiri ya mtu, wanaacha kwa sababu zimeisha tarehe kumi na tano na nauli ya kwenda kliniki haipo. Mfuko wa huruma wa kanisa una kiasi mwezi huu. Mwone shemasi wa ustawi kabla tembe hazijaisha, ukiwa na zile zimebaki kama tano hivi. Njoo na karatasi ya daktari ili tununue ile ile iliyoandikwa, kutoka duka la dawa lenye leseni. Hutaulizwa ni ya ugonjwa gani.

Kesho asubuhi tunarudi kwa Nehemia, sura ya tatu, wale waliojenga ukuta kila mmoja mbele ya nyumba yake.